Mti wa Matunda Chunguni, Nje Theluji: Dalili, Sababu na Tiba

Mlimau ukianza kumwaga majani mwezi wa Desemba, watu wengi hukimbilia maji, na maji yasipoponya hukimbilia mbolea. Hivyo ndivyo miti mingi ya ndani inavyouawa. Katika nchi ya baridi, mti wa chunguni huugua kuanzia mizizini. Unachokiona kwenye jani leo ni matokeo ya jambo lililotokea udongoni wiki mbili tatu nyuma. Kwa hiyo katika karibu kila dalili nitakayoitaja hapa, nitakurudisha kwenye chungu kwanza.

Mfano wangu ni Minneapolis, jimbo la Minnesota, kwa sababu ndiyo baridi ninayoijua. Ramani ya kanda za mimea iliyotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 2023 inauweka mji huu kanda ya 5a, yaani usiku wa baridi kuliko wote katika mwaka wa kawaida hufika kati ya nyuzi -26 na -29 za Selsiasi. Aliye Toronto au Columbus atasogeza tarehe kidogo, lakini sababu za maradhi hazibadiliki.

Jambo la kwanza ni kujua mti wako ni wa kundi gani. Iko miti isiyolala: mlimau wa Meyer (aina ya mlimau mdogo), mndimu, kumkwati (jamaa mdogo wa mchungwa), mpera. Hii hukaa na majani mwaka mzima na haivumilii jalidi kali. Iko miti inayolala: mtini, mkomamanga, mtufaha, mpichi. Hii hupukutisha majani, na hutaka miezi ya baridi ili ipumzike. Ukiulaza mti usiolala, au ukiukesha mti unaotaka kulala, utahangaika na dalili bila kufika kwenye chanzo.

Kabla ya dawa yoyote

Chomeka kidole udongoni hadi sentimita 5. Juu pakiwa pakavu na chini pana unyevu, usimwagilie. Kisha nyanyua chungu, au kiinamishe kidogo kama ni kizito. Baada ya siku chache mkono utajua tofauti ya chungu kilichoshiba maji na kilichokauka, na kipimo hicho ni cha kuaminika kuliko kalenda. Tatu, chukua kile kipimajoto cha jikoni cha kuchomeka kwenye nyama, ukisafishe, ukichomeke udongoni kama sentimita 10, asubuhi na mapema. Andika namba hiyo. Mwisho, chungulia matundu ya chini na unuse. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu, na ni imara. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na ukiivuta ganda linavuka na kubakiza uzi. Harufu yake ni ya matope yaliyolala.

Majani yanadondoka wiki chache baada ya kuingia ndani

Hili ndilo tatizo kubwa la milimau na ndimu, na lina sababu nne ambazo kwa macho zinafanana.

Ya kwanza ni mwanga. Muheza, kwenye machungwa yetu, mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kuzidi au kupungua ni kidogo sana. Minneapolis mwishoni mwa Desemba mchana ni wa saa 8 na dakika 46 hivi, jua liko chini, na kioo cha dirisha kinapunguza tena. Mti uliokaa nje juani toka Mei ukiingizwa sebuleni kwa siku moja hauwezi kuyalisha majani yote, kwa hiyo unayaacha. Ukiona majani yanayoanguka ni yale ya ndani ya kitawi, au ya upande uliolipa mgongo dirisha, na udongo hauna tatizo, basi ni mwanga. Weka mti dirisha la kusini, ongeza taa ya LED ya kuoteshea kwa saa 12 hadi 14 kwa siku, karibu sentimita 30 juu ya majani, na usiache taa ikiwaka usiku kucha. Mwaka unaofuata, anza mapema: wiki mbili kabla ya kuuingiza, uhamishie mti kivulini hapo hapo nje.

Sababu ya pili ndiyo inayowapita wengi, kwa maana inatokea kwenye chumba chenye joto na dirisha zuri. Mizizi ya michungwa na jamaa zake hulala kabisa udongo ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi. Sasa weka chungu juu ya sakafu ya vigae, karibu na kioo ambacho nje yake ni nyuzi -20. Hewa ya chumba ni nyuzi 21, jua la saa tano asubuhi linapiga majani na kuyapasha. Jani linataka maji, na mizizi iliyo kwenye udongo wa nyuzi 10 haiwezi kuyapandisha. Mti unaona kiu huku umesimama majini, na njia pekee iliyobaki ni kumwaga majani. Mtu akiona hivyo anaongeza maji, udongo unazidi kupoa, mizizi inaanza kuoza. Ndiyo maana nilisema andika ile namba ya kipimajoto. Ikiwa ni chini ya 13 na majani yako juani, tiba si maji. Nyanyua chungu juu ya kigoda cha mbao au kipande kinene cha povu gumu, kisogeze nusu mita kutoka kwenye kioo, mwagilia kwa maji ya uvuguvugu, na ukiweza weka mkeka wa umeme wa kupashia miche chini yake hadi udongo ufike nyuzi 18.

Njia nyingine, ambayo ni nzuri zaidi kwa mwenye nafasi, ni kupoza mti wote kwa pamoja. Mlimau wa Meyer hukaa vizuri katika baraza lililozibwa vioo, penye nyuzi 8 hadi 12 na mwanga wa kiasi, ukipewa maji machache sana. Huko hauli wala haukui, lakini majani hubaki. Kinachouumiza ni nusu kwa nusu: miguu kwenye baridi, kichwa kwenye joto.

Tatu ni ukavu wa kweli. Majani hujikunja kwa ndani kwanza, yanakuwa kama ngozi, kisha yanaanguka yakiwa makavu. Chungu ni chepesi. Ukimwagilia, maji yanapita pembeni na kutoka chini mara moja, maana udongo wenye mboji nyingi ukikauka mno husinyaa na kukataa maji. Zamisha chungu kizima kwenye beseni la maji vuguvugu kwa nusu saa, kiache kichuje.

Nne ni maji kuzidi. Majani yanalegea wakati udongo ni mbichi, yanakuwa manjano, mengine yanaanguka kwa kuguswa tu. Ukinusa chini utajua. Toa mti, kata mizizi iliyooza kwa mkasi safi, punguza matawi kwa kiasi kile kile, rudishia kwenye chungu kidogo zaidi chenye udongo wa kupitisha maji: mchanganyiko wa udongo wa vyungu na vipande vya magome ya msonobari au perilaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto), theluthi moja hadi nusu. Chungu kikubwa kuliko mizizi ni hatari, kwa sababu udongo usio na mizizi haunywewi, unabaki umelowa wiki nzima. Sahani ya chini imwagwe kila mara baada ya kumwagilia.

Majani ya manjano

Hapa angalia mchoro wa umanjano, usiangalie rangi pekee.

Majani makongwe yakififia yote kwa usawa, na machipukizi mapya ni madogo, mti una njaa ya naitrojeni. Katikati ya kipupwe uache tu, maana mbolea kwenye mizizi iliyolala hugeuka chumvi inayoichoma. Anza kulisha mwisho wa Februari au Machi, mchana ukirefuka na machipukizi yakionekana.

Majani machanga yakiwa manjano na mishipa yake ikabaki kijani, hiyo ni njaa ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila mizizi haiwezi kukichukua, ama kwa sababu ya baridi na maji mengi, ama kwa sababu maji ya bomba yana chokaa nyingi. Na kuna jambo la nyumba za huku ambalo lazima niliseme kwa mkazo: nyumba nyingi za vitongojini zina mashine ya kulainisha maji inayotumia chumvi, na maji hayo huachia sodiamu ambayo taratibu huua mizizi. Usimwagilie nayo hata siku moja. Tafuta bomba lisilopita kwenye mashine; mara nyingi lile la nje au la jikoni la maji baridi huwa hivyo, lakini muulize fundi. La kufurahisha ni kwamba theluji ni maji laini ya bure. Jaza ndoo theluji safi, mbali na njia iliyomwagwa chumvi, iache iyeyuke ndani hadi ifikie joto la chumba, halafu mwagilia. Kama umanjano haukomi baada ya mwezi, tumia chuma cha kileti (chuma kilichofungwa na kemikali ili mizizi iweze kukichukua) aina ya EDDHA, ambacho hufanya kazi hata udongo ukiwa na chokaa.

Majani makongwe yakiwa manjano pembeni na kubakiwa na pembetatu ya kijani karibu na kikonyo, ni njaa ya magnesi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom (chumvi yenye magnesi) kwenye lita 4 za maji, mara moja kwa mwezi wakati wa kukua, kinatosha.

Jani linanata, lina vumbi au utando

Nje, mvua huwaosha wadudu na dudu kobe huwala. Ndani hakuna mvua wala dudu kobe, na hewa ya hita ni kavu. Kwa hiyo Januari na Februari ndiyo sikukuu yao.

Chini ya jani pakiwa na vidoa vidogo visivyohesabika, jani limepauka na nyuzi laini zinaonekana pembeni, ni utitiri. Weka karatasi nyeupe chini, gonga kitawi. Vumbi linalotembea ndilo lenyewe. Uingize mti bafuni, funga udongo kwa mfuko wa plastiki, osha majani kwa bomba la mkono, hasa upande wa chini.

Jani likinata na kuwa na masizi meusi, angalia mishipa na vitawi. Vigamba vya kahawia vinavyobanduka kwa kucha ni wadudu magamba. Vipande vyeupe kama pamba kwenye maungio ni vidung'ata. Masizi yenyewe si ugonjwa wa mti, ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu wanaoutoa. Futa kwa pamba yenye spiriti, kisha nyunyizia sabuni ya kuulia wadudu au mafuta ya mwarobaini, mti ukiwa mbali na jua na taa, maana mafuta juani hubabua jani. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, na tena mara ya tatu, kwa sababu mayai mengi hayafi kwa dawa hiyo. Wengi hunyunyizia mara moja, wakaona wadudu wamekwisha, na Machi wanaanza upya.

Vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinakuambia kwamba udongo haukauki juu. Punguza maji, vitakwisha.

Maua tele, tunda hakuna

Mlimau wa Meyer huchanua ndani Februari na harufu yake hujaza nyumba, halafu maua yote yanaanguka. Kwanza tulia: katika jamii ya michungwa, maua yaliyo mengi mno huanguka hata shambani, na vitunda vidogo navyo hupunguzwa na mti wenyewe. Mti wa urefu wa mita moja ukibeba malimau manane, umejitahidi. Lakini kama hata kitunda kimoja hakishiki, chukua brashi laini ya rangi, pitisha kwenye ua moja hadi jingine kila mchana, kwa maana ndani hakuna nyuki wala upepo. Mlimau hauhitaji mwenzake, ua lake linajitosheleza likipata mguso.

Mtufaha ni jambo jingine. Honeycrisp, tufaha lililotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, halitazaa bila aina nyingine ya tufaha au mtufaha mwitu unaochanua wakati ule ule karibu nalo. Kwa hiyo mti mmoja kwenye roshani ya ghorofani, pasipo miti mingine jirani, utachanua bure. Na kama uliuingiza ndani kwenye joto toka Oktoba kwa huruma, huenda usichanue kabisa, kwani hupaswa kukaa zaidi ya wiki sita, na mara nyingi miezi miwili au zaidi, kwenye baridi ya kati ya nyuzi 0 na 7 ndipo vichipukizi vifunguke vizuri.

Halafu ipo ile miche tunayoipenda sana, iliyotoka kwenye mbegu ya embe la dukani au ndimu iliyokamuliwa kwenye pilau. Inaota vizuri na kuipa nyumba uhai. Ila ndimu ya mbegu inaweza kuchukua miaka mitano, saba au zaidi kabla ya kuchanua, na kwenye chungu hukawia zaidi. Mwembe wa mbegu unataka kimo ambacho dari haliruhusu. Anayetaka kula tunda anunue mti uliobebeshwa, yaani tawi la mti unaozaa lililounganishwa juu ya shina la mti mwingine. Mpera ndio unaostahimili kungoja: hata wa mbegu huweza kuzaa kati ya miaka miwili na minne ukipata jua la kutosha. Na mche wa kutoka nyumbani usiutie kwenye begi, hata uwe wa shamba la bibi. Mimea yenye udongo huzuiwa uwanja wa ndege, na kwa haki, kwani ugonjwa wa kijani wa michungwa ulioonekana Florida mwaka 2005 umeharibu mashamba kwa kusafirishwa na wadudu na miche.

Tawi jipya lina miba mirefu na majani matatu matatu

Furaha ya kuona tawi linakimbia kwenda juu isikudanganye. Kama linatoka chini ya kovu la kubebeshea, hilo si limau. Ni shina la chini, mara nyingi mchungwa wa majani matatu, ambao hutumiwa kwa sababu unavumilia baridi, na aina yake ya Flying Dragon hufanya mti uwe mfupi. Ling'oe kwa mkono likiwa bado laini. Ukilikata kwa mkasi litarudi, na ukiliacha litameza limau lote.

Mti unaolala haukuamka Mei

Kwanguza gamba kwa kucha kuanzia ncha kwenda chini. Kijani chini ya gamba ni uhai, kahawia kavu ni kifo. Kata hadi ulipokuta kijani.

Kama shina ni la kijani lakini hakuna chipukizi hadi Juni, mizizi ndiyo iliyokufa, na shina linaishi kwa akiba. Hili linawashangaza watu kwa sababu kibandiko cha duka kiliandika kuwa mti unahimili kanda ya 4, yenye baridi kuliko ya 5. Ni kweli, ukiwa ardhini. Matawi ya mtufaha huhimili nyuzi -30, lakini mizizi yake huanza kuumia udongo ukipita -10 hivi. Ardhini, chini ya theluji, udongo haufiki huko kwa urahisi. Chunguni baridi huingia kutoka pande zote na udongo hufuata hewa. Ukitaka kuuacha nje, chagua aina inayohimili kanda mbili za baridi zaidi ya yako, kisha zika chungu chote ardhini kabla udongo haujaganda, funika kwa nyasi kavu, na zungushia shina wavu wa chuma, maana panya wa theluji hula gamba lote kuzunguka na mti unakufa umesimama. Chungu cha udongo wa kuchoma kisiachwe nje na udongo uliolowa: barafu hukipasua.

Mtini na mkomamanga hukaa gereji isiyo na hita lakini iliyoshikana na nyumba, penye nyuzi 0 hadi 7, bila mwanga. Subiri majani yaanguke, ndipo uingize. Mwagilia kikombe kimoja au viwili kwa mwezi. Watu husahau kabisa, na mtini hufa kwa ukavu wakidhani umekufa kwa baridi. Ukichipua Machi gizani, na vichipukizi vyembamba vya njano, chagua moja: uupeleke mahali pa baridi zaidi, au uutoe kwenye mwanga na uendelee nao ndani hadi Mei. Kuuacha hapo gizani ni kuumaliza nguvu.

Mabaka meupe baada ya kutoka nje

Ni jua. Jani lililozoea dirisha halijui jua la wazi, na huungua kwa siku moja. Mabaka hayaponi, lakini majani mapya yatakuja sawa. Toa miti baada ya katikati ya Mei, usiku ukishakaa juu ya nyuzi 10, kivulini kwanza, kisha ongeza saa moja au mbili za jua kwa siku kwa muda wa siku 10. Kurudi ndani ni usiku ukianza kushuka chini ya 10 tena, kwa kawaida Septemba. Usingoje jalidi ya Oktoba.

Mti umebaki vijiti vitupu

Mlimau ulioachwa na majani yote mwezi wa Januari bado unaweza kurudi. Kwanguza gamba. Pakiwa kijani, acha mbolea kabisa, punguza maji hadi robo, kwa sababu bila majani mti haunywi, pasha udongo hadi nyuzi 18, na uupe mwanga. Machipukizi huchukua wiki nne hadi nane. Yakianza, ongeza maji kidogo kidogo, na yale majani yakikomaa ndipo urudishe mbolea, nusu ya kipimo. Lakini kama ukavu umeshuka hadi chini ya kovu la kubebeshea, chochote kitakachochipua ni shina la chini. Nunua mwingine, uliza kama ni Meyer Iliyoboreshwa, ile isiyo na virusi iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1975, na uununue Mei ili upate majira yote ya joto nje ya kujenga mizizi kabla ya kuingia ndani.